Tuandamane au Tutume Wajumbe?

MWANAFUNZI: Nataka tuandamane hapa Olenguruone. Si Nakuru, si Nairobi, hapa hapa. Tushike mabango, tutembee kwa amani, tuwakumbuke watu zaidi ya 11,000 waliong'olewa katika udongo huu hadi kufikia mwaka 1950. Kisha tuiulize serikali ya Uingereza, na yetu pia: watu hao walilipwa nini? Kifungu cha 37 cha Katiba kinaniruhusu kukusanyika, kuandamana na kuwasilisha malalamiko, mradi nisibebe silaha. Sibebi.

DIWANI WA ZAMANI: Haki unayo, binti. Mimi siulizi haki, nauliza faida. Mwanasiasa habadilishi nia kwa kuona bango. Akiliona, kwanza anauliza nani amelilipia, pili anauliza litakaa barabarani siku ngapi. Wazee watano wakiingia ofisini kwa adabu watanyweshwa chai, ni kweli, lakini watatoka na tarehe ya kikao.

MWANAFUNZI: Watatoka na tarehe ya kikao kingine, mheshimiwa.

MWALIMU MSTAAFU: Na hapa ndipo mahali pabaya pa kusifia wajumbe. Kama kuna watu waliotuma wajumbe mpaka viatu vikaisha, ni hao wa Olenguruone. Tuanze na walivyofika. Sheria ya wakati ule iligawa ardhi kwa rangi ya ngozi: nyanda hizi za juu, kuanzia Naivasha kupita Nakuru na Njoro hadi Molo, zilikuwa za Mzungu. Mwafrika aliishi humo kama skwota, yaani kwa kibali cha kufanya kazi. Mifugo yake ikizidi, inafagiliwa. Wenyewe waliita zoezi hilo kifagio. Baadhi ya Wakikuyu wakahamia Umasaini, nako wakafukuzwa. Mwaka 1941 serikali ikawaleta hapa. Wao wakasema: sawa, hii ni fidia ya mashamba ya baba zetu yaliyochukuliwa Kiambu. Serikali ikasema: hapana, ninyi ni wapangaji, na mpangaji ana masharti. Chimba matuta. Usigawe shamba kwa wanao, mrithi ni mmoja. Punguza ng'ombe. Ukikaidi, unatoka.

Basi wakaanza kazi ya ujumbe. Barua kwa mkuu wa wilaya. Safari za Nairobi. Wakawaendea viongozi wa siasa wa Kikuyu, na Jomo Kenyatta aliporudi kutoka Uingereza mwaka 1946 wakamfikia naye. Wakaenda kortini, wakashindwa, wakakata rufaa, wakashindwa tena. Mlango wa mwisho ulipofunguliwa, aliyetokea alikuwa askari. Nyumba zikachomwa, mimea ikaharibiwa, mifugo ikakamatwa, watu wakapakiwa katika malori hadi Yatta, kule Machakos, mahali ambapo mvua huja kama mgeni. Wajumbe, mheshimiwa, hawakukosekana.

DIWANI WA ZAMANI: Mwalimu, umesimulia vizuri na umeruka ukurasa mmoja. Kiapo. Watu hao walikula kiapo. Msimvishe mtu joho la amani kwa sababu tu aliteswa.

MWALIMU MSTAAFU: Sijakiruka, nilikuwa nakifikia. Walikula kiapo wote, wanaume, wanawake na watoto, na hilo la wanawake na watoto ndilo lililokuwa jipya. Kiapo cha umoja: hakuna atakayeyakubali masharti, hakuna atakayemsaliti mwenzake. Bunduki haikuwamo. Walichofanya ni kukataa. Walikataa kuweka sahihi, walikataa matuta, walilima palipokatazwa. Na walipopakiwa kwenye malori waliimba njia nzima. Mtu anayeimba kwenye lori la polisi anaandamana, hata kama magurudumu ndiyo yanayotembea.

DIWANI WA ZAMANI: Na kiapo hicho kiliishia wapi? Kilitoka hapa kikaenda Kiambu, kikazunguka mashamba ya walowezi Bonde la Ufa zima, na kila kilipopita kilizidi makali. Tarehe 20 Oktoba 1952 Gavana Baring akatangaza hali ya hatari. Watu wa Olenguruone hawakutaka vita, nakubali. Lakini upinzani wa amani usipojibiwa haukai pale pale ukisubiri. Unachacha.

MWANAFUNZI: Hoja hiyo inamshtaki aliyenyamaza. Aliyeuliza amekosea nini?

DIWANI WA ZAMANI: Inamshtaki aliyenyamaza, ndiyo. Lakini anayezikwa ni aliyeuliza.

MUUZA VIAZI: Naomba niseme neno, maana ninyi mnazungumza kama watu ambao biashara yao haiozi. Siku ya maandamano lori la Nairobi haliji. Dereva akisikia tu fununu, anageuza. Kiazi kilichochimbwa jana hakingoji Katiba. Na si hilo peke yake, msichana wangu. Wewe unaongelea Nakuru mjini, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Egerton, watu wa kila kabila wamechanganyika, sawa. Hapa mwaka 1992 nyumba zilichomwa katika mapigano ya kikabila. Mwaka 2008 zikachomwa tena, Kuresoi yote, Molo yote. Watu wengi wakikusanyika barabarani Olenguruone, hatusomi bango. Tunatazama nyuso. Tunauliza: hao ni akina nani, na wanaelekea kwa nani?

MWANAFUNZI: Ndiyo sababu tuandamane, mama. Ili barabara izoee kuona watu wengi wasio na panga.

MUUZA VIAZI: Barabara itazoea baada ya mara ngapi? Nani atakuwa wa kwanza kuizoesha?

MWANDISHI: Swali hilo halikujibiwa papo hapo, nami sikulisukuma. Mheshimiwa alikuwa tayari amenyoosha mkono.

DIWANI WA ZAMANI: Nisieleweke kwamba nachukia maandamano. Yapo yaliyofaulu, na ya kwanza ninayoyajua ni ya Wakamba. Mwaka 1938 serikali ilikuwa inawanyang'anya ng'ombe kwa mnada wa lazima, ikidai kwamba ardhi inaliwa na mmomonyoko. Ng'ombe wakinunuliwa kwa bei ya kutupa, na kiwanda cha nyama kikiwangoja Athi River. Muindi Mbingu akawaongoza maelfu, wanaume kwa wanawake na watoto, kutoka Machakos hadi Nairobi. Hawakurusha jiwe. Walikaa. Wiki baada ya wiki walikaa, wakisema tunataka kumwona Gavana. Gavana Brooke-Popham mwishowe akaahidi kwenda Machakos kuzungumza nao. Mbingu akakamatwa na kupelekwa uhamishoni Lamu, lakini mnada wa lazima ukasimamishwa kabla ya mwaka kwisha.

MWANAFUNZI: Sasa mbona unanipinga? Umenihubiria mahubiri yangu mwenyewe.

DIWANI WA ZAMANI: Sijamaliza. Kwa nini Wakamba walisikizwa mwaka 1938, na watu wa Olenguruone miaka kumi baadaye hawakusikizwa? Wote walikuwa Waafrika, na serikali ilikuwa ile ile. Kwa sababu Wakamba walijaa katika jeshi la kikoloni, King's African Rifles, na katika polisi, na vita vilikuwa vinanukia Ulaya. Serikali ilihesabu: tukiwakasirisha hawa, nani atashika bunduki yetu? Watu wa Olenguruone hawakuwa na kitu ambacho Gavana Mitchell alikiogopa kukipoteza. Walikuwa maskwota waliofukuzwa kila mahali. Andamana, binti, lakini kwanza niambie umeshika nini mkononi ambacho mkubwa anakihitaji. Kama huna, hayo si maandamano, ni matembezi.

MWALIMU MSTAAFU: Hapo umenena, na imeniuma kwa sababu ni kweli. Ila niongeze kitu kimoja. Tazama serikali ilivyojibu mara zote mbili. Machakos ilisema: tunaokoa udongo. Olenguruone ilisema: tunaokoa udongo. Watu waliuliza swali la haki na rangi, kwa nini Mzungu ana maelfu ya ekari na hakuna anayemhesabia ng'ombe, nao wakajibiwa kuhusu matuta. Hiyo ndiyo namna ya mwanasiasa anayeyajua mambo yake. Hasemi hapana. Anakubadilishia swali, kisha analijibu lile lake kwa ufasaha mkubwa.

DIWANI WA ZAMANI: Udongo ulikuwa unaporomoka kweli, mwalimu. Panda juu kule kwenye miteremko leo utazame mvua ya Aprili inavyouburura.

MWALIMU MSTAAFU: Ulikuwa unaporomoka. Na ulikuwa unaporomoka kwa sababu watu wengi walibanwa katika eneo dogo ili wengine wachache wapate nafasi. Ukweli mmoja ulitumiwa kuufunika mwingine.

MUUZA VIAZI: Na sisi wa viazi tunalijua hilo. Tulipiga kelele miaka mingi kuhusu gunia linaloshonewa juu mpaka linakuwa refu kama mtu, bei ikabaki ya gunia moja. Wakatuma wajumbe, vyama vya wakulima, mikutano na mikutano. Mwaka 2019 kanuni ikatoka: gunia la viazi lisizidi kilo 50. Tukashangilia. Njooni mnione sokoni mniambie kilo 50 iko wapi. Kwa hiyo mheshimiwa, wajumbe nao wanaleta karatasi. Karatasi haiji na mtu wa kuisimamia.

MWANAFUNZI: Ahsante, mama.

MUUZA VIAZI: Usinishukuru. Bado sijakubali uandamane.

MWANAFUNZI: Basi nizungumzie yale niliyoyaona mwenyewe. Juni 2024. Mswada wa Fedha. Hatukuwa na kiongozi, hatukuwa na chama, na hatukuulizana makabila. Tulitembea Nakuru tukiwa na simu, chupa za maji na bendera. Tarehe 25 Juni watu waliingia Bungeni Nairobi, risasi zikapigwa, na jioni ile Rais akayaita yaliyotokea uhaini. Kesho yake, tarehe 26, akasema hatautia sahihi mswada. Siku moja! Mheshimiwa, wajumbe gani, tangu uhuru, wameuangusha mswada wa fedha kwa siku moja?

DIWANI WA ZAMANI: Hakuna. Nakupa hiyo, nzima. Sasa nipe nami zangu. Julai 11 Rais akalivunja baraza la mawaziri, mkashangilia. Kabla ya mwezi kwisha baadhi ya waliofutwa walikuwa wamerudi, na viti vingine vikapewa watu wa chama cha upinzani cha ODM, Hazina ya Taifa ikiwamo. Mliuliza kuhusu kodi na maisha, mkajibiwa kwa kugawana viti. Desemba 11 mwaka huo huo sheria nyingine ya kodi ikatiwa sahihi, na mengi mliyoyakataa yakarudi kupitia mlango wa uani. Mlikuwa wapi siku hiyo? Mlikuwa mmechoka. Mwanasiasa anajua kungoja. Hiyo ndiyo silaha yake kubwa kuliko kitoza machozi.

MWANAFUNZI: Hatukuwa tumechoka tu. Tulikuwa tunazika. Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu ilihesabu watu wasiopungua 60 waliouawa katika maandamano yale, na makumi ya wengine waliotekwa. Mwaka uliofuata, siku ya Saba Saba, Julai 7, 2025, tume hiyo hiyo ilihesabu watu wasiopungua 31 kwa siku moja. Siku mbili baadaye Rais akasema wanaochoma biashara za watu wapigwe risasi ya mguu. Usiniambie tulichoka kana kwamba tulikuwa kwenye mbio za kujifurahisha.

DIWANI WA ZAMANI: Pole. Sikusema kwa dharau.

MUUZA VIAZI: Lakini wale wa kuchoma biashara walikuwapo. Hilo nalo tusilifiche. Duka la mtu likivunjwa, mwenye duka hajali kama aliyevunja alikuwa mwandamanaji au mhuni aliyelipwa na mwanasiasa. Mlango umevunjika.

MWANAFUNZI: Mhuni aliyelipwa ni jibu la mwanasiasa, mama. Anamleta ili wewe ukasirike nami badala ya kukasirika naye.

MUUZA VIAZI: Anafaulu.

MWALIMU MSTAAFU: Niwarudishe mwaka 1922, maana hapo wajumbe na maandamano vilikutana siku moja, na ninyi wawili mngepaswa kuisoma siku hiyo pamoja. Harry Thuku amekamatwa Machi 14, kosa lake kupinga kipande, yaani kitambulisho cha lazima, kodi na kazi ya kulazimishwa. Machi 16 maelfu wamekusanyika nje ya kituo cha polisi Nairobi. Kwanza walifanya kama atakavyo mheshimiwa: wajumbe sita wakaingia kumwona mkubwa wa serikali. Wakatoka na maneno mazuri, wakawaambia watu warudi nyumbani, jambo litaangaliwa. Baadhi wakaanza kuondoka. Ndipo Mary Muthoni Nyanjiru akawasuta wanaume, akawataka wampe suruali zao wavae gauni lake. Umati ukasogea, askari wakafyatua, na walowezi waliokuwa katika baraza la Hoteli ya Norfolk, inasimuliwa, nao wakafyatua. Serikali yenyewe ilikiri vifo 21. Nyanjiru alikuwa miongoni mwao. Thuku akapelekwa Kismayu, akakaa uhamishoni karibu miaka tisa.

MWANDISHI: Sasa hilo linamsaidia nani kati yenu?

MWALIMU MSTAAFU: Halimsaidii yeyote, ndiyo maana nimelisema.

DIWANI WA ZAMANI: Linanisaidia mimi. Kama wangeondoka walivyoambiwa...

MWANAFUNZI: Thuku angekuwa Kismayu vile vile, na leo tusingelijua jina la Nyanjiru.

DIWANI WA ZAMANI: Jina halilimi shamba. Lakini hebu tutoke Kenya kidogo. Mnapenda kutaja Marekani. Mei 25, 2020, George Floyd anauawa na polisi Minneapolis. Mamilioni wanaandamana, dunia nzima. Hata Nairobi watu walitoka. Wanasiasa wakafanya nini? Juni 8 viongozi wa chama cha Democratic walivaa vitambaa vya kente, vya Ghana, wakapiga magoti ndani ya jengo la Bunge lao dakika nane na sekunde 46. Picha nzuri ajabu. Mswada uliobeba jina la Floyd ukapita katika Baraza la Wawakilishi mara mbili, ukafia Seneti. Kente ilibaki, sheria haikupatikana. Narudia: mwanasiasa anaweza kuandamana nawe, akapiga goti nawe, na asikupe kitu.

MWALIMU MSTAAFU: Na Agosti 28, 1963?

DIWANI WA ZAMANI: Nilijua utaileta.

MWALIMU MSTAAFU: Robo milioni ya watu Washington. Rais Kennedy aliogopa maandamano yale, alitaka yasifanyike. Yakafanyika, mchana kutwa, kwa amani, na jioni Martin Luther King na wenzake wakaingia Ikulu kuzungumza naye. Mswada wa haki za raia ulikuwa tayari mezani tangu Juni. Mwaka uliofuata Rais Johnson akautia sahihi. Ukiniuliza, walitembea mchana na jioni wakawa wajumbe. Miguu ile ndiyo iliyowapa kitu cha kushika mkononi walipoingia mlangoni, na hilo ndilo ulilolidai wewe mwenyewe ulipomsifu Muindi Mbingu.

MUUZA VIAZI: Hata akina mama wa Uhuru Park walifanya hivyo. Februari 1992, mama za wafungwa wa kisiasa wakakaa na njaa, Wangari Maathai pamoja nao. Walipigwa Machi tatu, wengine wakavua nguo mbele ya polisi. Wakahamia kanisani All Saints, wakakaa karibu mwaka mzima, mpaka wana wao wakaachiwa karibu wote. Wale hawakuvunja duka la mtu. Wale ningewafungia duka langu kwa hiari nikakae nao.

MWANAFUNZI: Kwa hiyo unakubali.

MUUZA VIAZI: Nakubali kukaa. Kutembea bado.

MWALIMU MSTAAFU: Lakini binti, nawe ujue kwamba hata anayekuongoza katika madai anaweza, akifika juu, kukugeuzia mgongo kwa tabasamu. Agosti 12, 1963, Kenyatta, akiwa Waziri Mkuu, alikutana na walowezi wa Kizungu Nakuru. Mamia yao ukumbini, wamejaa hofu. Akawaambia tusameheane, kaeni mlime. Wakampigia makofi. Ilikuwa siku ya siasa kubwa, na labda iliepusha damu nyingi. Hata hivyo mtu wa Olenguruone hakuwa na mkutano wake. Aliyefukuzwa kwa sababu ya rangi aliambiwa asamehe, na alipotaka shamba aliambiwa akanunue kama watu wengine. Jibu la kwanza la taifa lililokaribia uhuru kwa swali la rangi katika bonde hili lilitolewa kwa walowezi.

DIWANI WA ZAMANI: Ulitaka awafukuze? Angalia nchi zilizofukuza.

MWALIMU MSTAAFU: Nilitaka baada ya ukumbi ule aje na hapa. Ni safari ya nusu siku.

MZEE WA KIOGIEK: Nimewasikiliza wote, na sasa nina swali moja. Mnasema Olenguruone, Olenguruone. Kabla ya 1941, hapa palikuwa pa nani?

MWANAFUNZI: Mzee...

MZEE WA KIOGIEK: Usikimbilie kuniomba radhi, nijibu. Jina lenyewe ni la Kimaasai. Msitu uliokuwa juu yake ulikuwa na mizinga ya nyuki yetu sisi Waogiek. Serikali ya Mzungu ilichukua nchi ya watu ikawapa watu wengine iliowanyang'anya kwao, na wale nao ikawafukuza. Baadaye wakaja wengine tena. Kila aliyefika ana kaburi hapa na ana hadithi ya kufukuzwa. Bango lako litaanza na mwaka gani? Ukiandika 1950, nitalisoma nikiwa pembeni ya barabara nikijua halinihusu.

MUUZA VIAZI: Nilisema mimi. Watu watatazama nyuso.

MZEE WA KIOGIEK: Na kuhusu wajumbe na korti, mheshimiwa, njoo nikufundishe, maana hakuna watu waliokwenda kortini kama sisi. Watu wetu wa Tinet, hapa jirani tu, waliishtaki serikali mwaka 1999. Machi 2000 Mahakama Kuu ikatuambia kwamba hatuishi tena kama wawindaji wa zamani, kwa hiyo msitu si wetu. Yaani tumevaa suruali, basi hatuna nchi. Tukaenda mbele zaidi, mpaka Mahakama ya Afrika, Arusha. Mei 26, 2017 tukashinda. Juni 23, 2022 mahakama hiyo ikaamuru tulipwe shilingi 157,850,000 na turudishiwe ardhi ya jadi. Kwa amani, kwa karatasi, kwa mawakili. Hatukufunga barabara hata moja ili kuipata hukumu hiyo. Novemba 2023 nyumba za Waogiek zikabomolewa Sasimwani, upande wa Narok. Tuliuliza kuhusu ardhi, tukajibiwa kuhusu miti.

DIWANI WA ZAMANI: Mzee, hilo sina jibu lake.

MZEE WA KIOGIEK: Najua. Ulikuwa diwani.

MWANAFUNZI: Kwa hiyo unasema tusiandamane?

MZEE WA KIOGIEK: Nimesema hivyo? Nimesema ushindi wa karatasi bila miguu umekaa Arusha mpaka leo, na miguu bila kujua inamkanyaga nani inaweza kuwa mwanzo wa 1992 nyingine. Wewe una miguu. Mimi nina karatasi. Hatujawahi kukaa meza moja kwa sababu watu wako wanaamini hadithi ya hapa inaanza siku walipofika.

MWANAFUNZI: Basi bango nitaliandika upya. Lisitaje mwaka mmoja. Litaje waliofukuzwa hapa, wote, na lidai vitu viwili: hukumu ya Arusha itekelezwe, na Uingereza iwalipe vizazi vya waliopelekwa Yatta. Mwaka 2013 Uingereza iliwalipa watu 5,228 walioteswa wakati wa hali ya hatari, pauni milioni 19.9, baada ya wazee kuishtaki London. Mfalme Charles alikuja Nairobi Oktoba 2023 akasema ana huzuni na majuto makubwa. Neno samahani halikumtoka. Waliopoteza nyumba Olenguruone kabla ya 1952 hawamo katika hesabu ile.

DIWANI WA ZAMANI: Madai mawili kwa serikali mbili katika bango moja. Kila serikali itasubiri nyingine ianze.

MWALIMU MSTAAFU: Hapo ndipo utakapofaa wewe. Bango litembee, nawe uingie ofisini na hukumu ya mzee mkononi, siku hiyo hiyo, saa hiyo hiyo, umati ukiwa nje unaonekana dirishani.

DIWANI WA ZAMANI: Mnanitaka niwe King wa jioni.

MUUZA VIAZI: Tunakutaka ukae ndani mpaka wakupe kitu chenye sahihi. Chai usinywe.

DIWANI WA ZAMANI: Tusisahau sheria. Ile sura ya 56 ya Sheria za Kenya, ya mikutano ya hadhara, imetungwa mwaka 1950, mwaka ule ule walipomaliza kuwaondoa watu hapa, na ingali inatumika. Ilani iende kwa mkuu wa kituo cha polisi, si chini ya siku tatu kabla, si zaidi ya siku 14. Iandikwe siku, mahali, njia mtakayopita, na jina la mwandalizi. Maandamano yawe kati ya saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni. Ilani si ombi la ruhusa, ingawa polisi wengi huisoma hivyo. Jina la mwandalizi ni jina la mtu. Likitokea jambo, huyo ndiye wa kwanza kugongewa mlango. Nani anaandika lake?

MWANAFUNZI: Langu.

MZEE WA KIOGIEK: Na langu. Sitaki msichana huyu agongewe peke yake.

DIWANI WA ZAMANI: Mimi sitatembea, nimesema na sijabadilika. Nafikiri bado mnacheza na moto katika mji wenye nyasi kavu. Lakini ilani nitaipeleka mwenyewe kituoni, na nitamwuliza mkuu wa kituo mbele ya mashahidi kama askari wake watakuja na risasi.

MUUZA VIAZI: Mwulize, na uandike jibu lake. Halafu hiyo tarehe, msiiweke siku ya soko. Mkiweka siku nyingine, nitafunga duka nisimame mlangoni, na wakipita watu wenye mabango yanayowataja wote, nitawapa maji.